Kredi ya mwanafunzi ni yake, haiko ya chuo

Wandugu, kuko swali moja lenye linarudi kila mwaka wakati vyuo vinafungua inskripsiyo, na toka vita ifike mu miji yetu limekuwa swali la kila juma: «Nilimaliza L1 kule, niko na releve mu mkono, juu ya nini hapa wananiambia nianze tena L1?» Wenye wanauliza hivyo si wavivu. Ni watu wenye walifaulu. Wengine walifaulu mbele ya kaka na dada wenye wako mu oditwari leo wakiwapita promosiyo.

Jibu letu ni fupi: sheria haisemi hivyo. Chuo njo kinasema hivyo.

Turudi kidogo nyuma. Sheria nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, ile yenye inapanga masomo mu inchi yetu, njo ilifungua mlango wa mfumo wa LMD, maana yake Lisansi, Masta, Doktora. Ikabaki ku karatasi miaka mingi, sawa vile sheria zetu nyingi. Mu mwaka wa masomo 2021-2022, Muhindo Nzangi akiwa waziri wa ESU, serkali ikasema sasa vyuo viingie mu LMD kweli kweli. G1, G2, G3 ya dada na kaka zetu ikaanza kufa pole pole, tukaanza kusema L1, L2, L3. Faida kubwa yenye mfumo huo unajisifu nayo, hapa kwetu na huko Ulaya kwenye ulitoka, ni hii: kredi yenye umepata unaichunga, na unaweza kuhama nayo. Hiyo ikitolewa, LMD inabaki paka kubadilisha majina ya promosiyo.

Na kredi ni nini? Kuko wengi wenye bado wanaichanganya na pointi. Pointi ni ile 12 ku 20 yenye mwalimu alikupa. Kredi ni uzito wa kazi. Kwetu kredi moja ni saa 25: saa 15 pamoja na mwalimu mu oditwari ao mu laboratware, na saa 10 za kazi yako peke yako, nyumbani, ku biblioteki, ku mwangaza wa telefone kama umeme umekatika. Semesta moja ni kredi 30, mwaka ni 60, lisansi yote ni 180. Kozi yenye dada yako aliita «ya saa 45» njo wewe unaita ya kredi 3. Ukiisha kufaulu hiyo kozi, kredi 3 ni zako. Haziozi. Haziko mali ya doyeni wala ya apariteri.

Sasa tuangalie yenye inafanyika. Mwanafunzi anafika ku chuo kipya na releve yake. Wanaangalia wanaona kozi ya takwimu, kule iko mu L1, hapa iko mu L2. Kozi ingine kule ilikuwa na kredi 4, hapa iko na 3. Ingine jina halifanane. Mu nusu saa mambo inaisha: «Programu hazifanane, anza L1.» Hakuna barua, hakuna sinyatiri, hakuna mtu mwenye alihesabu. Ni neno la mdomo ku dirisha.

Tunakubali kwamba programu hazifanane mia kwa mia. Hata ndani ya chuo kimoja zinabadilika kila doyeni mupya anapofika. Lakini kutofanana kunapimwa. Unaweka releve hapa, programu ya chuo pale, unapita kozi kwa kozi. Tuseme umepata kwamba mwanafunzi anakosa kredi 8 ku 60. Basi, aingie L2, na zile 8 azifanye pamoja na L2, kama vile anafanya kila mwanafunzi wa LMD mwenye alipita na deni ya kozi. Hiyo mfumo wenyewe inaruhusu. Kurudisha mtu nyuma mwaka muzima juu ya kredi 8, maana yake umemunyanganya kredi 52 zenye alitolea jasho. Mu maisha ya kawaida tendo kama hilo liko na jina.

Juu ya nini vyuo vinafanya hivyo? Tuseme wazi, bila kuzunguka: pesa iko ndani. Mwanafunzi mwenye anaanza L1 atalipa miaka mitatu. Mwenye anaingia L3 atalipa mwaka moja. Vyuo vya watu binafsi vinaishi na minervali ya wanafunzi, na vile vya serkali navyo, tusidanganyane, vinaishi nayo zaidi kuliko na pesa ya Kinshasa. Walimu wanangoja prime, jenerateri inangoja mazutu. Tunaelewa. Lakini shimo ya serkali haiwezi kuzibwa na mwaka wa mtoto wa mama mwenye anauza sambaza ku soko. Na kuko pahali pengine kwenye wanaomba pesa «ya ekivalansi», kozi kwa kozi, bila risiti. Ukilipa, programu zinaanza kufanana mara moja.

Vita njo ilifanya hii mambo ikuwe mbaya kabisa. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mu mikono ya M23, katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Wanafunzi wakatawanyika: Beni, Butembo, Kisangani, Kinshasa, wengine Bujumbura, wengine Kampala. Mtu anakimbia na nini? Na telefone, na mudogo wake mu mugongo, na nguo zenye mkono ulishika kwanza. Hakuna mwenye anaenda kusimama ku mlango wa apariteri kuomba releve wakati mabomu inaanguka. Kisha anafika ku chuo kingine, wanamuomba releve orijinali, diplome ya Leta, na bordero za banki zenye zinaonyesha alilipa yote. Banki zilifungwa kule, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, njia ni ile munajua. Anaambiwa arudi kuchukua karatasi. Kurudi wapi? Kupitia barieri ngapi? Kijana wa miaka 21, peke yake, anavuka mistari ya vita juu ya muhuri: chuo chenye kinaomba hivyo hakijafikiri yenye kinaomba.

Na upande wa chuo chenye aliacha, kuko ugonjwa wa zamani: releve haitoke kama uko na deni. Hapa tutasema kitu chenye hakitafurahisha wote. Deni ni deni, na mwanafunzi mwenye anahama juu ya kukimbia deni anaharibia wengine. Lakini kuko njia ya katikati: chuo kitoe releve na kiandike juu yake kiasi chenye kinabaki, chuo kipya kingoje hiyo deni iishe kabla ya kutoa diplome. Pesa italipwa na mwaka hautapotea. Kufunga karatasi mu kabati hakuleti hata franga moja.

Viongozi wa vyuo wanatujibu: kuko releve za uongo. Ni kweli, na hatutafunika. Sisi wote tunajua pahali muhuri unachongwa na bei yake haiko kubwa. Lakini tangu lini dawa ya mwizi moja ni kufunga soko yote? Apariteri wa chuo kimoja akitumia apariteri wa chuo kingine picha ya releve ku WhatsApp, na huyu akaangalia mu palmaresi yake, jibu linaweza kupatikana siku ileile. Hiyo njo kazi yao. Mwanafunzi hawezi kulipa mwaka muzima juu ya simu yenye hakuna mtu alitaka kupiga.

Basi, wakati tunangoja mambo inyooke, wewe mwenye unafikiri kuhama ufanye nini? Kwanza, usianzie ku chuo chenye unaacha. Anzia ku chuo chenye unaenda, mbele hujatoa franga yoyote ya inskripsiyo. Enda ku sekretariati ya fakulte na kopi ya releve, omba wakuandikie kozi gani watakubali na gani hapana. Waandike. Kama wanasema «njoo tu, tutaona», jua kwamba yenye wataona ni pesa yako. Wengi wetu walilipa kwanza na wakauliza kisha, na pesa ya inskripsiyo hairudi.

Ku chuo chenye unaacha, omba releve yenye inaonyesha kredi na saa za kila kozi, haiko paka asilimia. Hii ni muhimu sana. Releve nyingi zetu bado ziko na pointi tu, kama wakati wa G1, na mwenye atakupokea hawezi kujua kama «Makroekonomi» yako ilikuwa kredi 2 ao 5. Kama releve haionyeshe, chukua programu ya promosiyo na muhuri wa fakulte. Chunga silabusi zako, hata zile zilichafuka: mara nyingi njo ushuhuda peke wa yenye mlisoma kweli. Ongeza diplome ya Leta ao ile atestasiyo yenye tunatembea nayo miaka tukingoja diplome, bordero zote, karte ya mwanafunzi. Piga picha ya kila kitu leo hii, hata kama huna mpango wa kuhama. Tuma ku imeli yako na kwa mtu mwenye anaishi muji mwingine. Nyiragongo ilituonyesha mu Mei 2021, na vita ikatukumbusha: nyumba inaweza kubaki nyuma mu dakika kumi.

Wakati nao unahesabika. Kuhama kunaenda vizuri kati ya L1 na L2, kisha sesiyo ya pili, wakati deliberasiyo imetoka na mwaka mupya haujaanza. Kuhama katikati ya mwaka ni kubaya juu kozi zenye hazijafanyiwa egzame hazina kredi. Na kuhama mu L3, kama si vita ao ugonjwa, hatushauri. Hapo chuo chenye kinakupokea kiko na haki ya kusema hakiwezi kutia sinyatiri ku diplome ya mtu mwenye kilifundisha miezi ine, na tukikuwa wa kweli, hata sisi tungekataa. Maliza lisansi pale uko, kisha uhame kwa masta. Hapo unahama na diplome nzima, hakuna mwenye atakuhesabia kozi kwa kozi.

Usitegemee miujiza pia kama unabadilisha fakulte. Kutoka Haki kwenda Udaktari, zenye zitakufuata ni zile kozi za wote: Kifaransa, Kiingereza, enformatiki, elimu ya uraia. Kutoka Ekonomi kwenda Jestiyo, hapo uko na haki ya kubishana mpaka jioni.

Na angalia kama chuo kiko na idhini ya serkali. Wizara imeshafunga vyuo vingi vyenye havikukuwa na idhini, na wanafunzi wao wakabaki na releve zenye hakuna mtu anataka kusoma. Mwenye chuo alifunga duka akaenda, labda leo anauza mbao. Kozi ulisoma, mwalimu alikuja, egzame ulifanya, lakini mbele ya Wizara ni kama hujasoma. Uliza, na uombe nambari ya arete. Sekretere akikukasirikia juu ya swali hilo, umeshapata jibu.

Wenye wanavuka mpaka wako na shida yao ingine. Mu Rwanda mwaka wa chuo kikuu unahesabiwa kredi 120, juu kule kredi moja ni saa 10. Mu Uganda kredi inahesabiwa na saa 15 za kuwa na mwalimu. Sasa wewe unafika na 60 zako, wanakuambia: «Ulifanya nusu mwaka.» Usikubali, na usikasirike. Waonyeshe saa. Kredi 60 mara saa 25 ni saa 1500. Kredi 120 mara saa 10 ni saa 1200. Yaani ku karatasi mwaka wako uko mrefu kuliko wao. (Ku karatasi, nasema. Wenye walisoma na sisi mwaka wa migomo wanajua.) Njo maana releve bila saa haina nguvu inje ya inchi. Congo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022. Jumuiya hiyo, mu 2017, ilikuwa imeisha kutangaza kwamba masomo ya juu ya inchi zake ni eneo moja, na iko na baraza la vyuo vikuu kule Kampala. Serkali yetu ilishangilia soko la pamoja. Sijasikia hata siku moja ikiongea kwa nguvu juu ya kredi za pamoja, na wanafunzi wetu wako kule sasa, wanapima masomo yao peke yao mbele ya sekretere mwenye haelewi Kifaransa.

Kuko rafiki zetu wenye wanacheka: «Munapigania kredi, na ninyi wenye diplome muko munakaa nyumbani?» Ni kweli. Mimi niko na lisansi na sina kazi, sawa vile wengi wenye wanasoma hapa. Lakini siwezi kusema juu kazi hakuna, basi miaka yetu iibiwe tu. Mwaka wa kurudia ni minervali, ni pango ya nyumba, ni silabusi, ni mamia ya dola mu familia yenye inakula mara moja ku siku. Ni mwaka ingine mbele ya tangazo la kazi lenye linasema «umri usipite miaka 30, uzoefu miaka 5». Na kwa dada zetu ni zaidi. Mara nyingi mwaka wa kurudia njo ule mwaka wenye mujomba anainua mkono mu mkutano wa familia na kusema: «Masomo yatosha, huyu aolewe.» Mwanamuke mwenye alikuwa na kredi 60 anaacha masomo juu ya neno la mdomo ku dirisha. Hakuna rapoti yenye inamuandika. Anaandikwa tu kwamba «aliacha».

Kwa hiyo tunaomba vitu vyenye havihitaji pesa ya wafadhili. Wizara ya ESU iandike, mu enstriksiyo yake ya mwaka, kwamba chuo chenye kinapokea dosye ya kuhama kinajibu kwa barua mu siku 15, na barua inataja kozi zenye zimekubaliwa, zenye zimekataliwa, na sababu. Mwanafunzi apewe releve kila mwisho wa semesta, na kredi na saa ndani, bila kulipa kitu kingine. Kopi ya palmaresi za vyuo vyote ichungwe pia inje ya chuo, kwenye seva ya Wizara, juu arshive zenye ziko mu kabati moja ya mbao ni arshive zenye zinangoja moto. Na kwa wenye walikimbia vita, wapokelewe mu promosiyo yao kwa muda, na tamko lenye wametia sinyatiri, karatasi zitafuata. Mwenye alidanganya atatolewa na atajibu mbele ya sheria. Mwenye alisema kweli hatakuwa amepoteza mwaka.

Kwa komite za jestiyo za vyuo: mukutane wenyewe kwa wenyewe. Vyuo vya muji moja vinaweza kukaa siku mbili na kulinganisha programu za L1 na L2 bila kungoja Kinshasa. Kwa wenye wanashika bunduki mu miji yetu, wa kila upande: biro za vyuo na vitabu vya palmaresi si mali ya vita, na mwanafunzi mwenye anabeba releve ku barabara haiko mpelelezi wala mufuko wa pesa wa barieri.

Ma-CP na madelege, tunawahitaji. Wakati deliberasiyo inatoka, mupige picha ya palmaresi ya promosiyo yote, si ya jina lako tu, na muichunge pamoja na delege moja wa muji mwingine. Na ninyi wote wenye mulikataliwa kredi mu mwaka huu na mwaka jana, mutuletee kopi ya releve na jibu lenye mulipata, hata kama lilikuwa la mdomo: muandike tarehe, fakulte, na kazi ya mtu mwenye alijibu. Jina lenu mulifute. Tunakusanya hizo dosye tuzifikishe ku Wizara pamoja. Orijinali ibaki kwako.